Mwanao Anapokwenda Kusoma Chuo Kikuu Dar es Salaam: Ofisi za Kumsaidia na Masuala ya Kishari'ah Yanayomkabili

 

Kila mwaka msimu wa kufungua vyuo, bandari yetu ya Malindi hujaa vijana wenye mabegi, ndoo na magodoro yaliyofungwa kamba, wanavuka kwenda kuanza chuo Dar es Salaam. Wazazi huwasindikiza kwa du'aa na kwa fedha zilizokusanywa kwa tabu: mama kauza mkufu, baba kauza mikarafuu ya urithi, ami kalipa nauli. Boti ikishang'oa nanga, mzazi hajui tena mwanawe abishe mlango upi akipata shida.

Nimeandika makala hii kwa sababu ya mama mmoja kutoka Pemba aliyenijia baada ya swala ya Alasiri kuniomba nimsomee mwanawe. Kijana alikuwa mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha bara. Aliugua wiki mbili kabla ya mitihani, akapanda boti akarudi kwao kuuguzwa, hakumwambia mtu pale chuoni. Alipopona na kurejea alikuta ameshaandikiwa kuwa hakufanya mitihani bila ya sababu na ameondolewa masomoni, au kwa lugha ya wanafunzi wenyewe, "amedisko". Mama aliamini kijana kafanyiwa husuda. Nilimsomea, na kisomo kina kheri zake. Lakini nilipouliza nikaambiwa kwamba kilichokosekana ni barua ya daktari na fomu moja ya kuahirisha mitihani, iliyotakiwa ifikishwe ofisini kabla ya siku ya mtihani. Miaka mitatu na mali ya watu imekwenda kwa karatasi mbili.

Kwa hiyo, wazazi na walezi, hizi hapa khabari za ofisi zilizopo, kila moja inafanya nini, na hukumu za Shari'ah katika yale mnayoniuliza mara kwa mara.

Vyuo viko wapi

Wengi huku visiwani tukisema "Dar" tunafikiria Kariakoo na Posta. Vyuo vingi wanavyokwenda wanetu viko nje ya hapo. Upande wa Temeke kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, DUCE, kilichopo Chang'ombe, ambacho ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005, na pia Chuo cha Uhasibu. Kigamboni, ambayo zamani ilikuwa ndani ya Temeke, kuna Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, chenye tawi lake huku kwetu Bububu. Kinondoni yapo makao ya Chuo Kikuu Huria, Ustawi wa Jamii iko Kijitonyama, na Chuo Kikuu cha Kairuki kiko Mikocheni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe, pale Mlimani, na Chuo Kikuu cha Ardhi jirani yake, siku hizi viko Wilaya ya Ubungo, iliyokatwa kutoka Kinondoni. Muhimbili iko Upanga karibu na mjini.

Nayataja haya kwa sababu mzazi humpeleka mwanawe akae kwa shangazi Mbagala ilhali chuo kiko Mlimani. Mtoto anaamka kabla ya Alfajiri, anabadilisha daladala, anarudi baada ya Isha. Baada ya miezi mitatu hasomi wala hapumziki. Jamaa ni neema, lakini tazama kwanza masafa.

Mshauri wa Wanafunzi

Kila chuo kikuu kina ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Mwenye ofisi hiyo ndiye mlezi wa mwanao anapokuwa chuoni. Makaazi, ugonjwa, msiba, ugomvi, ulemavu, kukosa ada, kutaka kuahirisha masomo, yote huanzia hapo au hupitia hapo. Na mtoto anayeugua au kufiwa na mzazi asipande boti kabla ya kufika katika ofisi hii, au kama hali hairuhusu, mwenzake afike kwa niaba yake akiwa na karatasi ya hospitali. Kuna mambo mawili tofauti: kuahirisha mitihani, na kuahirisha masomo kwa muhula au mwaka mzima. Yote mawili huombwa kwa maandishi, na jibu lake lazima liwe la maandishi. Mwalimu akikuambia kwa mdomo "nenda tu nyumbani, nitawaeleza", hiyo si rukhsa. Na anayechukua mkopo aulize pale pale mkopo wake utakuwaje, kwa sababu fedha husimama masomo yanaposimama, na zisiporejeshwa kwa barua hazirejei zenyewe.

Mzazi ana haki ya kufika katika ofisi hii. Vaa kanzu yako, chukua kitambulisho, nenda. Ila elewa kwamba mwanao ni mtu mzima kisheria, na hawatakutolea siri zake zote. Hilo lisikukasirishe.

Chini ya Mshauri wapo viongozi wa wanafunzi wenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam serikali yao inaitwa DARUSO, na ngazi ya taifa kuna TAHLISO. Mwanafunzi mpya anayeona aibu kuingia ofisini aanze kwa waziri wa mikopo au wa malazi wa serikali ya wanafunzi. Wengi wao ni vijana wepesi wa kusaidia, khasa karibu na uchaguzi.

Mikopo

Hapa ndipo penye maswali mengi, kwa hiyo nitarefusha.

Zipo Bodi mbili. Ya Muungano ni HESLB, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005. Ya kwetu ni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Mzanzibari anaweza kuomba HESLB kwa sababu ni Mtanzania, na anaweza kuomba ya Zanzibar. Asichukue zote mbili kwa masomo yale yale. Wapo wanaojaribu, wanagunduliwa, na wanapoteza zote.

Dirisha la HESLB hufunguliwa katikati ya mwaka, na maombi hufanywa kwa mtandao katika mfumo wao unaoitwa OLAMS. Vinavyowakwamisha watoto wetu ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa cha aliyezaliwa Zanzibar huhakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, wala si RITA ya bara. Yatima aambatanishe cheti cha kifo cha mzazi, nacho kihakikiwe. Jina lisitofautiane: cheti cha skuli kinasema Mohamed, cha kuzaliwa kinasema Muhammad, na kitambulisho kinasema Mohammed. Hayo yarekebishwe mapema, mtoto akiwa bado kidato cha sita. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi ni kizuri kwa mambo ya hapa, lakini bara ataulizwa namba ya NIDA, benki ataulizwa NIDA, laini ya simu hali kadhalika. Aipate kabla ya kuvuka. Fomu hutakiwa muhuri wa serikali ya mtaa, nasi huku anayegonga ni sheha. Kisha hupelekwa kwa hakimu au wakili.

Mkopo hugawanywa kwa uwezo wa familia. Huyu hupata ada kamili, yule nusu, mwengine chakula na malazi tu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya chakula na malazi ni Sh. 10,000 kwa siku. Kabla ya hapo ilikuwa Sh. 8,500. Fedha hizi wanafunzi huziita "bumu". Hazitoki kila siku wala kila mwezi, hutoka kwa mafungu, na kila fungu mwanafunzi huthibitisha mwenyewe kwamba yupo ndipo aingiziwe. Fungu la siku 60 ni Sh. 600,000. Kijana aliyekuwa hajawahi kushika laki moja anashika laki sita kwa mpigo, na siku hiyo maduka ya simu yanajua. Mzazi, zungumza naye juu ya fungu la kwanza kabla halijaingia.

Aliyekosa au aliyepata kidogo asikate tamaa. Majina hutoka kwa awamu zaidi ya moja, na baadaye hufunguliwa dirisha la rufaa. Kila chuo kina Dawati la Mikopo na afisa wake. Mwanafunzi asisikilize mitaani kwamba kuna mtu Temeke au Ubungo "anaweza kumpitishia jina" kwa laki moja. Huyo ni mwizi, na kumpa ni kutoa rushwa.

Waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita wana ufadhili wa Serikali uitwao Samia Scholarship. Huo ni msaada, si deni. Ipo pia Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, ambayo tangu 1983 ina mpango wa kusomesha Waislamu wa nchi zisizo wanachama wake, na Tanzania si mwanachama.

*Je, mkopo wa Bodi una riba?* Swali hili limenijia kwa njia zote, hata kwa mzazi aliyemkataza binti yake kuchukua mkopo, binti akakaa nyumbani. Jibu langu lina sehemu mbili, kwa sababu mambo yalibadilika.

Kabla ya 2021 HESLB ilikuwa ikiongeza asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha, na asilimia 10 ya adhabu kwa aliyechelewa. Tulipoulizwa wakati ule tulisema wazi: nyongeza iliyoshurutishwa juu ya deni ni riba, jina halibadilishi hukumu. Tulimnasihi mwenye njia nyingine aishike hiyo, na asiyekuwa na njia tulimjibu kwa kutazama hali yake mmoja mmoja. Mei Mosi ya 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa ile asilimia 6, na adhabu ya asilimia 10 nayo ikaondolewa mwaka huo huo. Kilichobaki ni asilimia 1 ya gharama za uendeshaji, inayotozwa mara moja.

Kuhusu hiyo moja, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa lilikutana Amman mwaka 1986 na kujibu suala la aina hii: kutoza gharama za huduma ya mkopo kunajuzu kwa sharti isizidi gharama halisi, na kilichozidi ni riba. Kutoza mara moja, kwa kiasi kidogo, kwa ofisi yenye wafanyakazi na mitambo, kunakaribia sharti hilo. Kwa hivyo ninaloona ni kwamba mkopo huu kwa sura yake ya sasa unajuzu, na anayejiepusha kwa uchamungu kwa kuwa anao uwezo, kajichagulia jema. Asiyekuwa na uwezo asiache kusoma kwa dhana. Ama mikataba mingine, ya benki au taasisi nyingine, isomwe mmoja mmoja. Usiichukue fatwa hii ukaipachika kwenye mkopo wa duka la simu.

Yapo matatu yanayofuatana na deni hili. La kwanza, ni deni la kweli. Mhitimu huanza kulipa baada ya miezi 24, na akiajiriwa mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara. Wapo wanaosema "fedha ya Serikali ni yetu sote" wakajificha. Hiyo ni amana ya watu, na deni litamfuata kaburini. Aliandike katika wasia wake. La pili, ami au mjomba anayetia saini ya udhamini ajue kwamba kajifunga dhamana, si kwamba kampa mtoto sahihi ya heshima.

La tatu linanisikitisha kulisema. Zipo familia zinazojaza kwamba baba amefariki. Baba yu hai, anasali safu ya mbele, na karatasi inasema ni marehemu. Wengine huandika kwamba hawana kitu ilhali wana nyumba tatu za kupangisha. Huo ni uongo ulioapiwa mbele ya hakimu, na anayeporwa ni yatima wa kweli wa Micheweni au Makunduchi aliyepungukiwa kwa ajili yako. Sheha anayegonga muhuri huku anajua ni mshirika. Atubie kila mmoja, na fedha iliyochukuliwa kwa njia hiyo irejeshwe.

Makaazi

Vyuo vina mabweni, lakini hayatoshi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mabweni ya Mlimani, kina Mabibo, na tangu Aprili 2017 kina majengo 20 yaliyopewa jina la Magufuli, ya kulaza wanafunzi 3,840. Pamoja na hayo wengi hubaki nje. Wa mwaka wa kwanza, wenye ulemavu na wasichana mara nyingi hutangulizwa, kwa hivyo binti aombe siku ile ile dirisha linapofunguliwa, asingoje kufika. Mwenye ugonjwa wa kudumu aambatanishe karatasi ya daktari.

Asiyepata bweni atapanga mtaani: Mabibo, Sinza, Mwenge, Kigogo, Chang'ombe, Tandika, Keko. Mwenye nyumba wa Dar hudai kodi ya miezi sita mbele, wengine mwaka, na dalali hudai kodi ya mwezi mmoja. Chumba cha Sh. 60,000, kwa mfano, kitataka Sh. 360,000 za miezi sita na 60,000 za dalali, hata kabla ya godoro. Fedha hiyo hutakiwa wiki ya kwanza na bumu huenda halijatoka. Hapa ndipo vijana wanapokopa kwa watu wabaya, kwa hiyo mzazi akiba yako iwekee hapa kuliko kwenye sherehe ya kuagana.

Huko hakuna sheha. Anayeshika nafasi kama yake ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na chini yake kuna wajumbe. Mpangaji ajitambulishe kwake mara tu anapohamia na mkataba uandikwe. Siku atakayoibiwa au kufukuzwa usiku, mwenyekiti anayemjua ndiye wa kwanza kumsaidia.

Chumba cha kuchangia kwa kijana na binti wasio maharimu ili kupunguza kodi, hata iwe vipi, hakina njia ya kukihalalisha. Naulizwa hili kwa kisingizio cha "dharura". Dharura ni mauti au mfano wake. Jumuiya za wanafunzi Waislamu zina orodha za mabanati wanaotafuta wenzao wa kuchangia nyumba. Muulizeni kiongozi wao wa kike.

Matibabu

Mwanafunzi husajiliwa katika bima ya afya ya NHIF kupitia chuo, na kwa miaka mingi mchango wake umekuwa Sh. 50,400 kwa mwaka. Wazazi wengine huona hiyo ni fedha ya kupunguza, wanasema "huyu haumwi". Lipeni. Vyuo vikubwa vina zahanati au kituo cha afya ndani. Anayehitaji zaidi hupelekwa Mwananyamala kwa wa Kinondoni, Temeke kwa wa huko, na mwisho Muhimbili. Kadi huchukua muda kutoka, kwa hiyo abaki na risiti ya malipo na ahifadhi namba yake kwenye simu.

Sasa nasema jambo ambalo sisi mashekhe tumelichelewesha. Mtoto akiacha kula, akajifungia chumbani, akaacha darasa na swala, akalia bila ya sababu, au akasema bora afe, sisi huku tunasema jini, tunamrudisha kisiwani, tunazunguka naye kwa waganga. Jini yupo na ruqyah ni haki, wala siikanushi. Lakini sonona nayo ni maradhi kama malaria, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliamrisha kujitibu. Chuoni kuna washauri nasaha, kazi yao ni kusikiliza na kutunza siri, na hawatozi. Muhimbili ina idara ya maradhi ya akili. Msomee mwanao asubuhi na umpeleke kwa daktari mchana, havigombani. Na usimrudishe nyumbani kabla ya ile fomu niliyoitaja mwanzo.

Kwa aliyeingia katika unga, Muhimbili, Mwananyamala na Temeke zina kliniki za kutoa dawa ya methadoni. Mwanafunzi wa chuo akionekana pale si fedheha. Fedheha ni kumficha mpaka afie gheto.

Binti anapotakiwa asichokitoa

Limeenea suala la mwalimu kumtaka binti ngono ili amfaulishe. Si mabinti wote wanaokutana nalo, na walimu wengi ni watu wa heshima, lakini lipo. Katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, hili ni kosa la jinai, nalo huitwa rushwa ya ngono. TAKUKURU ina ofisi kila wilaya, Kinondoni na Temeke zikiwemo, na simu yake ya bure ni 113. Vyuo vingi vimeanzisha Dawati la Jinsia, na polisi wana dawati lao la jinsia na watoto. Binti ahifadhi ujumbe wa simu, asiufute kwa kuona haya, na asiende peke yake ofisini kwa mtu huyo hata "kuchukua matokeo". Akiwa na shaka kwamba amefelishwa makusudi, ipo haki ya kuomba mtihani usahihishwe upya na mtu mwengine.

Wazazi wa kiume, nyinyi ndio ninaowaogopea. Binti hupiga simu kwa mama, mama anamwambia "usimwambie baba yako". Kwa nini? Kwa sababu baba atasema rudi nyumbani, au atasema "ulimvalia nini?" Aliyedhulumiwa haondolewi chuoni akabaki aliyedhulumu. Panda boti, kaa naye, mpeleke TAKUKURU wewe mwenyewe.

Swala, Ijumaa na jumuiya

Nimeulizwa kama mwanafunzi wa Unguja anayesoma Dar hupunguza swala. Hapunguzi. Kutoka mjini Unguja hadi Dar ni kiasi cha kilomita 70 na ushei, chini ya masafa ya safari kwa madhehebu yetu ya Shafi'i. Na hata wa Pemba ambaye masafa yake yanatimia, akishanuia kukaa siku nne kamili zaidi ya siku ya kuingia na ya kutoka, amekuwa mkaazi. Kwa hivyo Ijumaa inamlazimu.

Kipindi kikipangwa saa saba mchana wa Ijumaa, wanafunzi Waislamu wa darasa hilo wasizozane na mwalimu mbele ya watu. Wamwendee kiongozi wa darasa, kisha wapeleke barua ya pamoja idarani kupitia jumuiya yao. Mara nyingi hubadilishwa kwa wepesi ikiombwa wiki ya kwanza kabla ratiba haijaganda, na huwa tabu ikiombwa katikati ya muhula.

Jumuiya hizo zipo karibu kila chuo. Ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni MSAUD, na kitaifa ipo TAMSYA ya wanafunzi na vijana. Ndiko anakopata darsa, futari ya pamoja Ramadhaan, vitabu vya waliotangulia, na zaidi ya yote watu wa kumuuliza "leo sikukuona swala, kuna nini?" Kijana aliyezoea kuadhiniwa pande nne za mtaa wake Mkunazini au Chake hushtuka kukaa chumba kisichosikia adhana. Mzazi, nambari ya simu ya amiri wa jumuiya ya chuo cha mwanao iwe katika simu yako.

Zaka kwa mwanafunzi

Swali la mwisho: je, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekosa mkopo anaruhusiwa kupewa zaka?

Wanaostahiki zaka ni wanane waliotajwa katika Suratut-Tawbah, Aayah ya 60. Mwanafunzi si fungu la peke yake, lakini huingia kwa mlango wa fakiri na maskini. Imaam an-Nawawiy katika al-Majmuu' ameeleza kwamba anayeweza kuchuma, ila ameshughulishwa na kutafuta elimu ya Shari'ah kiasi ambacho kazi ingemkatisha, anajuzu kupewa. Baadhi ya wanazuoni wa zama hizi wameiingiza elimu yenye manufaa kwa Waislamu, kama udaktari, kwa kuwa ni fardhi ya kutoshelezana, jambo ambalo Imaam al-Ghazaaliy alilisema zamani kuhusu tiba na hesabu. Nami naelekea huko, kwa masharti: awe kweli hana, awe anasoma kwa bidii, na apewe kwa kiasi cha haja.

Baba asimpe zaka mwanawe ambaye matumizi yake yako juu yake. Ami, mjomba, shangazi na jirani wanaweza, na kwa jamaa huwa zaka na kuunga udugu.

Ama kuipeleka zaka ya Unguja kwa mwanafunzi aliye Temeke, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba zaka haihamishwi kutoka mji ilipo mali maadamu humo wapo wanaostahiki. Wanazuoni wengine wameruhusu kwa haja au kwa jamaa. Njia ya kutoka katika khilafu ni nyepesi: mpe mkononi akiwa likizoni hapa nyumbani, kabla hajapanda boti. Asiyekuwa na jamaa wa kumpa aende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana hapa Unguja au ofisi yao ya Pemba, akiwa na barua ya chuo inayoonesha ada anayodaiwa na barua ya sheha wake, na apeleke mapema kabla ya Ramadhaan, kwani fedha nyingi za zaka hutolewa wakati huo.

Wa Allaahu A'lam.